Ubao wa Theluji wa Msimu Ujao: Unalipia Nini?

Mwezi wa Oktoba, majani yakiwa bado hayajamaliza kupukutika, maduka ya michezo ya hapa Vermont huanza kutundika mbao za theluji za msimu ujao. Mtoto aliyejiandikisha kwa safari za mlimani hurudi nyumbani na orodha: ubao, vifungio vya miguu, buti, helmeti. Mzazi aliyekulia Bukavu au Bujumbura, ambaye hakuwahi kukanyaga theluji kabla ya kuhamia huku, huzitazama bei akajiuliza kama analipia usalama wa mwanawe au mapambo tu. Swali hilo ni la haki, na sehemu kubwa ya jibu imo katika namna vifaa hivi vinavyotengenezwa.

Ubao wa theluji ni tabaka kadhaa zilizogandishwa pamoja. Katikati mna kiini cha mti mwepesi, aghalabu mpopla, ambacho ni vipande vyembamba vilivyounganishwa kwa gundi na kuchongwa viwe vinene katikati na vyembamba kwenye ncha. Juu na chini ya kiini hulazwa kitambaa cha nyuzi za kioo kilicholoweshwa epoksi. Chini kabisa huwekwa plastiki ya polietilini, ambayo ndiyo inayoteleza juu ya theluji, ikizungukwa na ukingo wa chuma. Juu kabisa hubandikwa tabaka jembamba la plastiki lenye michoro. Rundo hilo huingizwa katika mashine yenye joto na kushindiliwa mpaka epoksi ikauke na ubao ushike umbo la kalibu. Kisha hukatwa, husuguliwa, na chuma hunolewa. Mbao nyingi hutoka China na Austria; nyingine hutoka Dubai, mji ambao theluji yake imo ndani ya jengo la maduka. Kwa hiyo jina la nchi lisikutishe wala lisikulevye.

Kalibu hugharimu fedha nyingi, na kampuni haziibadilishi ovyo. Mara nyingi ubao huohuo hurudi sokoni mwaka wa pili na wa tatu, kiini kilekile na umbo lilelile, ukiwa na michoro mipya. Muulize muuzaji kwa maneno haya: “Kando ya rangi, ni kipi kilichobadilika tangu mwaka jana?” Akisitasita, umeshapata jibu. Mbao za msimu unaokwisha hushushwa bei kuanzia Februari na Machi, na kwa anayeanza kujifunza zinatosha kabisa.

Neno jingine utakalolisikia dukani ni aina ya plastiki ya chini. Ipo inayoyeyushwa na kukamuliwa kama tambi, na ipo inayotokana na unga ulioshindiliwa kwa joto. Ya pili hunywa nta vizuri na kwenda kasi zaidi, lakini isipopakwa nta mara kwa mara faida hiyo hupotea. Ya kwanza ni rahisi kununua na rahisi kuziba ikikwaruzwa. Mtoto anayejifunza hahitaji zaidi ya hiyo. Kuhusu nta yenyewe, tangu Julai 1, 2023 sheria ya Vermont inakataza kuuza nta ya kutelezea iliyotiwa kwa makusudi kemikali za PFAS, ambazo hukaa katika maji na mwilini kwa muda mrefu sana. Ukipewa kopo la zamani lililoandikwa “fluoro”, usilitumie.

Ubao uliokwisha kutumika si wa kuogopwa. Upitishie kidole ukingoni: kutu nyepesi hunoleka, lakini chuma kilichopinda au kung’oka ni hasara. Tazama ubavuni kama tabaka zimeanza kuachana, kwani maji yakiingia humo kiini huoza. Hakikisha pia kwamba vifungio vinaoana na ubao. Mbao nyingi zina matundu ya skrubu, bali za Burton nyingi zina mfereji mmoja mrefu, na si kila kifungio hukubali yote mawili.

Katika buti tunaomba wazazi waivunje desturi moja, ile ya kununua kubwa ili mtoto “aikulie”. Kisigino kinachoinuka ndani ya buti hakiwezi kuuongoza ubao, na mtoto asiyeweza kuuongoza ubao hawezi kusimama. Vidole viguse ncha kidogo tu mtoto akiwa wima, na virudi nyuma akikunja magoti.

Fedha utakayookoa kwenye ubao iweke kwenye helmeti. Ndani ya gamba lake mna povu gumu lililojaa vijipovu vya hewa. Kichwa kinapogonga barafu, povu hilo hupondeka na kuimeza nguvu ya pigo. Likishapondeka halirudi, hata kama gamba la nje halina alama. Ndiyo sababu hatushauri kamwe kununua helmeti ya mtumba: historia yake haisomeki kwa macho. Sheria ya shirikisho ya Marekani huweka kiwango cha lazima kwa helmeti za baiskeli, lakini si kwa za theluji. Mtengenezaji hupima kwa hiari yake, na wewe utafute ndani ya helmeti maandishi ASTM F2040 au EN 1077. Helmeti ya baiskeli haifai badala yake. Ongeza vikinga vya kifundo cha mkono, kwa maana anayejifunza hujikinga kwa mikono kila aangukapo, na kifundo ndicho kinachovunjika zaidi.

Kabla ya kulipa, iwe kipya au cha mtumba, linganisha namba ya modeli na orodha ya bidhaa zilizorudishwa ya tume ya shirikisho ya usalama wa bidhaa za watumiaji. Ni kosa kisheria kuuza bidhaa iliyorudishwa.

Kwa mtoto anayekua haraka, maduka mengi hukodisha vifaa kwa msimu mzima. Soma mkataba hadi mwisho, na kabla ya kutia sahihi uliza nani atalipa ukingo wa chuma ukipinda.