Ukomo wa mishahara NFL: Klabu zinavyokopa miaka ijayo kununua wachezaji wa leo

MACHI 4, 2024 klabu ya Denver Broncos ya Marekani ilitangaza kuwa itamtema Russell Wilson, mchezaji aliyekuwa amemwaga wino mwaka mmoja na nusu tu kabla ya hapo kwenye nyongeza ya mkataba ya miaka mitano yenye thamani ya dola milioni 245. Gharama ya kuachana naye kwenye hesabu za klabu ilikuwa takriban dola milioni 85. Dola milioni 39 kati ya hizo zilikuwa malipo ya mwaka 2024 ambayo klabu ilikwisha kuyahakikisha. Zilizobaki zilikuwa fedha ambazo Wilson alikwisha kuzipokea mkononi zamani, lakini vitabu vya klabu vilikuwa bado havijazihesabu.

Mfanyabiashara anayesoma habari hiyo kwa mara ya kwanza hushangaa: ni biashara gani hiyo ya kulipia bidhaa iliyokwisha kuondoka dukani? Jibu liko katika kanuni moja ya Ligi ya Taifa ya Mpira wa Kimarekani (NFL), yaani ukomo wa mishahara, na katika pilikapilika za klabu kila mwaka kabla soko la wachezaji huru halijafunguliwa katikati ya Machi.

Ukomo wenyewe

Mchezo unaozungumzwa hapa ni ule wa mpira wenye umbo la yai na wachezaji wenye kofia ngumu, si soka. Katika soka ya Ulaya tajiri anaweza kununua kikosi kizima kwa fedha zake, angalau mpaka wakaguzi wa ligi wabishe hodi. Katika NFL klabu zote 32, ziwe za miji mikubwa au midogo, hupangiwa kiasi kimoja cha kulipa wachezaji kwa mwaka. Kanuni hiyo ilianza mwaka 1994 kwa dola milioni 34.6 kwa klabu, kufuatia makubaliano ya 1993 kati ya ligi na chama cha wachezaji. Makubaliano hayo yalikuwa na pande mbili: wachezaji walipata haki ya kuhama mikataba yao inapokwisha, na wenye klabu wakapata ukomo.

Tangu hapo kiasi hicho kimepanda karibu kila mwaka. Mwaka 2023 kilikuwa dola milioni 224.8, mwaka 2024 kikafika milioni 255.4, na mwaka 2025 milioni 279.2. Ukomo hukokotolewa kutokana na mapato ya ligi, ambayo kwa makubaliano ya 2020 wachezaji wanastahili angalau asilimia 48, na sehemu kubwa ya mapato hayo ni haki za televisheni. Mikataba ya televisheni iliyotangazwa Machi 2021 ilikadiriwa kuwa na thamani ya zaidi ya dola bilioni 100 kwa miaka 11. Anayetaka ushahidi wa karibu asome hesabu za Green Bay Packers, klabu pekee ya ligi hiyo inayomilikiwa na wanahisa wa kawaida na inayochapisha mahesabu yake. Kwa mwaka wa fedha ulioishia Machi 2025 mgawo wake kutoka kapu la pamoja la ligi ulikuwa dola milioni 432.6. (Hisa za Packers, kwa taarifa ya wenye tamaa, hazilipi gawio wala haziuzwi kwa faida.)

Ifikapo saa 10 jioni ya siku ya kwanza ya mwaka wa ligi, kwa saa za New York, kila klabu sharti iwe chini ya ukomo. Katika kipindi hicho mishahara 51 mikubwa zaidi ndiyo inayohesabiwa kwa ukamilifu. Klabu iliyobakiza nafasi mwaka uliopita huruhusiwa kuihamishia mwaka mpya, kwa hiyo kiasi halisi hutofautiana kidogo kati ya klabu na klabu.

Fedha ya kusaini na hesabu yake

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Ukomo hauulizi klabu imetoa fedha ngapi benki mwaka huu. Unauliza ni fedha ngapi zimeandikwa kwenye mwaka huu. Mshahara wa kawaida huandikwa wote katika mwaka unaolipwa. Fedha ya kusaini mkataba hulipwa taslimu mapema, lakini huandikwa kidogo kidogo kwa miaka ya mkataba, isiyozidi mitano. Ni kama mwenye karakana anayenunua mashine kwa fedha taslimu na kuigawanya gharama yake katika vitabu kwa miaka mitano.

Chukua mfano. Mchezaji ana mshahara wa dola milioni 21.5 mwaka huu na mkataba wake una miaka mitano mbele. Klabu imezidi ukomo, na Machi inagonga mlango. Basi inamwita, inapangua mkataba, na kuzigeuza milioni 20 za mshahara huo kuwa fedha ya kusaini. Mchezaji hapotezi hata senti. Kinyume chake anapewa fedha yote mapema. Kwenye vitabu zile milioni 20 sasa zinaandikwa milioni 4 kila mwaka. Mwaka huu mchezaji anahesabiwa milioni 5.5 badala ya 21.5, na klabu imepata nafasi ya milioni 16 ya kununulia watu wengine.

Milioni 16 hizo hazikufutwa. Zinasubiri, milioni 4 kila mwaka, juu ya mshahara wowote atakaolipwa baadaye. Klabu ikimtema mwakani, zote zilizobaki zinaanguka kwa pamoja kwenye mwaka huo. Wamarekani huziita fedha mfu, na jina hilo linafaa: zinakula nafasi kwenye ukomo wakati mchezaji mwenyewe anavaa jezi ya timu nyingine.

Mbinu hiyo ina umri sawa na ukomo wenyewe. Mwaka 1995 Dallas Cowboys walimpata Deion Sanders kwa mkataba wa miaka saba wa dola milioni 35, karibu milioni 13 zikiwa fedha ya kusaini, huku mishahara ya miaka ya mwanzo ikiwekwa midogo. Kilichoongezeka tangu siku hizo ni miaka hewa. Mkataba wa miaka miwili huandikwa kama wa miaka mitano, na pande zote mbili zinajua kuwa mitatu ya mwisho itafutika yenyewe. Kazi yake ni moja tu, kuipatia fedha ya kusaini mahali pa kugawanyikia. Tampa Bay Buccaneers walitwaa ubingwa Februari 2021, kisha wakatumia miaka ya namna hiyo kwa Tom Brady. Brady alipostaafu Februari 2023, dola milioni 35.1 zilibaki kwenye hesabu za mwaka huo kwa mtu aliyekuwa nyumbani. Tampa ilijibana, ikamchukua Baker Mayfield kwa mkataba wa mwaka mmoja wenye msingi wa dola milioni 4, na bado ikaongoza kundi lake. Huwezi kusema walikosea. Walichukua mkopo na wakaulipa.

Nani akope, nani asikope

Wapo wanaodai kuwa ukomo ni hadithi tu, kwa kuwa klabu hodari inaweza kuusogeza kila mwaka. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Deni la ukomo halina riba, na ukomo unapopanda deni linapungua uzito. Dola milioni 4 zilikuwa karibu asilimia 1.8 ya ukomo wa 2023. Kwa ukomo wa 2025 ni asilimia 1.4 tu. Mkopo usio na riba wakati mapato yanakua si wa kukataa.

Lakini mkopo huo una hatari mbili. Ya kwanza ni mapato yenyewe kuyumba. Msimu wa 2020 viwanja vilikuwa vitupu kwa sababu ya korona, na ukomo ukashuka kutoka dola milioni 198.2 hadi 182.5 mwaka 2021, karibu asilimia 8. New Orleans Saints, waliozoea kusukuma madeni mbele mwaka hadi mwaka, walijikuta wakilazimika kupunguza takriban dola milioni 100 kabla ya Machi. Drew Brees, aliyekuwa njiani kustaafu, alikubali mshahara wake ukatwe kutoka milioni 25 hadi milioni 1.075 ili kuisaidia klabu kupumua. Saints walivuka salama, lakini kwa kupangua mikataba mingine zaidi, na katika misimu minne iliyofuata, 2021 hadi 2024, hawakuingia hata mara moja katika hatua ya mtoano.

Hatari ya pili ni bidhaa yenyewe. Kansas City Chiefs walimpa Patrick Mahomes nyongeza ya miaka 10 ya dola milioni 450 Julai 2020. Machi 2021 waligeuza dola milioni 21.7 za malipo yake kuwa fedha ya kusaini na kupata nafasi ya takriban milioni 17. Mahomes alikuwa kijana, alikuwa bora, na klabu haikuwa na nia ya kumwacha. Deni lililowekwa juu ya mtu wa namna hiyo linalipwa taratibu huku akiendelea kuzalisha, na Chiefs walichukua ubingwa Februari 2023 na tena Februari 2024. Ukilibebesha deni hilohilo juu ya mchezaji aliyeanza kuchoka, umejifunga: huwezi kumtema kwa sababu ya fedha mfu, na ukimbakiza unamlipa bei ya zamani kwa kazi ya sasa. Klabu nyingi hufika hapo kwa miguu yao, kwa kuwa mchezaji mwenye mshahara mkubwa ndiye anayetoa nafasi kubwa anapopanguliwa, na mara nyingi ndiye mzee zaidi.

Hesabu ya Denver

Denver walimchukua Wilson kutoka Seattle Machi 2022, na kabla hajawachezea mechi hata moja ya msimu wakampa nyongeza. Miaka mitano mipya ilikuwa ianze 2024. Katika misimu miwili aliyocheza, timu ilishinda mechi 11 na kupoteza 19 akiwa kiongozi wa mashambulizi. Kwa maneno mengine, alitemwa kabla mwaka wa kwanza wa ile nyongeza haujaanza.

Tarehe iliyoisukuma klabu ilikuwa Machi 17, 2024, siku ya tano ya mwaka wa ligi. Kama Wilson angekuwapo kikosini siku hiyo, mshahara wake wa 2025, dola milioni 37, ungegeuka kuwa wa uhakika. Kwa hiyo Denver hawakuwa wakichagua kati ya kulipa na kutolipa. Milioni 85 zilikwisha kuingia kwenye damu ya klabu, abaki au aondoke. Walikuwa wakichagua kama waongeze nyingine 37 juu yake. Wafanyabiashara wengi hushindwa hapo: kwa kuwa wamekwisha kupoteza, wanaendelea kuweka fedha ili hasara isionekane.

Klabu iliugawa mzigo: karibu milioni 53 mwaka 2024 na milioni 32 mwaka 2025. Rekodi iliyokuwapo, ya Atlanta Falcons kwa Matt Ryan mwaka 2022, ilikuwa milioni 40.5 tu. Zaidi ya senti 20 katika kila dola ya ukomo wa 2024 zilikwenda kwa mtu mmoja aliyekuwa akiichezea Pittsburgh Steelers, na Pittsburgh wenyewe walimlipa kima cha chini, dola milioni 1.21, wakijua Denver ndio wanaomalizia. Badala yake Denver walichagua kijana wa chuo, Bo Nix, kwa mkataba wa takriban dola milioni 18.6 kwa miaka minne yote, na mwaka huohuo wakashinda mechi 10 na kufika hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza tangu msimu wa 2015. Mkataba wa kijana ndio bidhaa ya bei nafuu kuliko zote katika soko hili, kwa kuwa bei yake hupangwa na ligi na si na mnada.

Tarehe za sokoni

Kabla ya kufungua milango, klabu hupewa muda hadi mapema Machi kumzuia mchezaji mmoja asiingie sokoni kwa kumlipa bei ya mwaka mmoja inayolingana na malipo ya vinara wa nafasi yake. Siku mbili kabla ya mwaka wa ligi mawakala huruhusiwa kuzungumza na klabu nyingine, na bei za kweli hujulikana hapo, si Jumatano ya kusaini. Tangazo la "milioni 245" lisomwe kwa tahadhari. Cha kutazama ni fedha ya uhakika, na siku ambayo mshahara wa mwaka unaofuata unageuka kuwa wa uhakika.

Iko na njia ya Juni. Klabu inaweza kuwatema wachezaji wawili mwezi Machi na kuwahesabu kama walioondoka baada ya Juni 1, ili fedha mfu zigawanywe kwa miaka miwili, kama Denver walivyofanya. Ila nafasi inayopatikana haitumiki mpaka Juni ifike. Kufikia hapo wachezaji wa maana wamekwisha kununuliwa, na fedha hiyo hutumika zaidi kuwasajili vijana waliochaguliwa Aprili na kuweka akiba ya majeruhi wa Oktoba.