Mbwa msumbufu wa njiapanda

Pale Chalinze, basi la Arusha hukata kulia kuelekea Segera, la Mbeya likanyoosha kwenda Morogoro. Katikati ya mafuso, bodaboda na vijana waliobeba mabeseni ya machungwa na mayai ya kuchemsha, kuna mbwa wa rangi ya vumbi ambaye nimemtazama zaidi ya mara moja. Huruka benchi la mama ntilie bila kugusa sufuria, hupenya chini ya tela, hujipinda kati ya miguu ya abiria wanaokimbilia choo, kisha hutokea nyuma ya jiko la mishkaki. Wauzaji humwita msumbufu, na wana haki: ana mdomo mwepesi wa kudokoa.

Wenzetu wa Uingereza wangemwandikisha mashindanoni. Kuna mchezo uitwao ajiliti, ulioonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1978 kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts, London, ili kuwachangamsha watazamaji wakati wa mapumziko. Waliouanzisha waliiga mashindano ya farasi ya kuruka viunzi. Mbwa hukimbia bila kamba, akaruka viunzi, akapita ndani ya handaki la turubai, akapanda bembea ya ubao na kushuka upande wa pili. Kisha huja vijiti 12 vilivyosimikwa kwa mstari, naye huvipita kwa kujipindapinda kama mtu asukaye ukili. Mwongozaji hukimbia kando yake akitumia sauti na mkono tu. Hamgusi, wala hamwonyeshi chakula. Anayekosea kidogo na kumaliza mapema ndiye mshindi.

Crufts wametenga pia nafasi ya mbwa waliookolewa, yaani waliotupwa au kuzaliwa mitaani. Aliyepata jina kubwa kuliko wote humo ni Kratu, dume kubwa la manyoya lililotoka Romania, na jina hilo hakulipata kwa kushinda. Kati ya 2018 na 2020 aliingia uwanjani akafanya alivyotaka: akabeba vijiti mdomoni, akajificha ndani ya handaki, akaenda kusalimia watazamaji. Watu walicheka hadi machozi. Mimi nilicheka pia, ila nilibaki nikijiuliza: mbwa asiyekaa kitako ana kasoro, au hajapewa kazi?

Jibu lipo hukohuko liendako lile basi linalokata kulia, mbali zaidi, magharibi mwa Serengeti. Mwaka 2018 taasisi ya Grumeti Fund ilianzisha kikosi cha mbwa wa kunusa ikishirikiana na Working Dogs for Conservation, shirika la Marekani. Shirika hilo huwatafuta mbwa kwenye vituo vya mbwa waliokosa wenyewe, na humchagua hasa yule aliyewashinda watu nyumbani kwa purukushani, anayeng'ang'ania mpira kana kwamba ni roho yake. Ung'ang'anizi huo ndio wanaouhitaji. Mbwa huyo atatafuta pembe za ndovu, magamba ya kakakuona, nyamapori au risasi saa nzima juani, na mshahara wake ni kurushiwa mpira. Askari wa Kitanzania ndio wanaowaongoza. Miongoni mwa mbwa wa kwanza alikuwamo Tommy, jina ambalo ukiliita katika mji wetu wowote watageuka mbwa watatu, na mwingine Popo, ambalo kwa jangili wa usiku ni jina la kutisha vya kutosha.

Kwetu Pwani habari ya mbwa ina mipaka yake. Mate yake ni najisi, chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo, na nyumba nyingi hazimruhusu kuvuka kizingiti. Lakini waliotusomesha hayo ndio waliotusomesha kuwa mbwa wa mawindo aliyefunzwa ana ruhusa yake, na kwamba vijana wa pangoni katika Sura ya Al-Kahf ya Kurani walikuwa na mbwa wao, amenyoosha miguu mlangoni. Kizingiti hakijawahi kuwa laana.

Kinachonitia hofu mimi ni kichaa cha mbwa. Dalili zikishamtokea mtu, kupona ni nadra mno, ilhali sindano ya chanjo kwa mbwa huzuia yote hayo. Kabla mtoto wa Chalinze hajapigilia mbao mbili na kumfundisha mbwa kuruka, mbwa huyo achanjwe. Mbao zenyewe hazina shida. Gereji za hapo zimejaa mabaki ya mbao na matairi mabovu, na tairi lililosimamishwa ni kiunzi tosha.

Mara ya mwisho nilipopita, muuza mishkaki alirusha mfupa ukaangukia kati ya magurudumu ya nyuma ya lori la Zambia, injini ikinguruma. Mbwa alifika mbio, akasimama. Alilitazama gurudumu kwanza, sikio moja juu, akasubiri hadi dereva alipozima. Ndipo akaingia.