Koleti, Nati na Tundu la Spindeli

Shafti ya pampu ya maji, unene milimita 12. Fundi amekereza upande mmoja vizuri, akailegeza kwenye chaki, akaigeuza na kuibana tena ili amalizie upande wa pili. Akagusisha saa ya kupimia, akazungusha chaki kwa mkono polepole. Sindano ikaenda, ikarudi: milimita 0.1. Shafti moja sasa ina vitovu viwili, na beringi itakayovishwa hapo haitamaliza msimu.

Kosa si la mkono wake. Ndani ya chaki ya taya tatu (si ile ya ubaoni) mna sahani yenye mfuo uliojizungusha kama konokono, na taya zote hutembea juu ya mfuo huo. Mfuo unalika zaidi pale panapotumika kila siku, basi taya hazifiki katikati pamoja. Sindano ikisoma 0.1, kitovu kimehama 0.05 tu, lakini kwa beringi hiyo ni nyingi.

Dawa ni koleti: bomba fupi la chuma cha springi lililochanwa mipasuo, na nje limechongoka kama faneli. Likisukumwa ndani ya tundu lenye umbo hilohilo, mipasuo hujibana na koleti huikumbatia kazi mzunguko mzima. Nguvu hutoka kwenye mteremko. Koleti za aina ya ER, zinazosukumwa na nati, zina mteremko wa nyuzi 8 kila upande. Kabari ya namna hiyo ingezidisha msukumo wa nati mara 7 hivi, ila msuguano unakula karibu nusu. Kinachobaki kinatosha.

Rahisi kuliko zote ni koleti ya Morse, inayoingia moja kwa moja kwenye spindeli (mhimili unaoizungusha chaki) na kuvutwa na bolti ndefu kutoka nyuma. Ubaya wake ni hiyo bolti: inaziba tundu la spindeli, fito haipiti. Mwenye kukata pini 40 kutoka fito moja ataichukia kabla ya saa sita mchana.

5C, koleti iliyoenezwa na Hardinge wa Marekani, ina mwili wa milimita 31.75, na spindeli za mashine ndogo nyingi hazina nafasi hiyo. Isitoshe imechanwa upande mmoja tu, kwa hiyo kila saizi inataka koleti yake. Kwa karakana inayotoa kifaa kilekile kutwa nzima, kwa kuvuta wenzo tu, inafaa sana. Kwa fundi wa kazi mchanganyiko, hapana.

Mimi ningenunua ER32. Aina ya ER ilibuniwa na kampuni ya Uswisi, Rego-Fix, mwaka 1972, na leo viwanda vingi huitengeneza kwa kiwango cha DIN 6499. Ndiyo sababu bei imeshuka. Imechanwa kutoka ncha zote mbili kwa kupishana, basi hujibana sawasawa hadi milimita 1. Koleti 18, za 3 hadi 20, hushika unene wowote kati ya milimita 2 na 20. Chagua chaki yake yenye sahani ya kufungwa kwa bolti mbele ya spindeli, tundu libaki wazi.

Ukiwa na fedha kidogo, usinunue seti nzima. Chukua 6, 8, 10, 12 na 16, halafu salio liende kwenye nati nzuri. Nati iliyopinda husukuma koleti upande, na hapo hata koleti ya bei kubwa itayumba.

Koleti hupachikwa kwenye nati kwanza, mpaka isikike tiki, ndipo nati ifungwe. Anayeitumbukiza tunduni kisha kukaza nati juu yake huiharibu, na kuitoa ni kazi nyingine. Kazi fupi isibanwe mdomoni peke yake: weka kipande cha unene uleule nyuma yake, koleti ishike kotekote.

Na ukikereza sahani ya kufungia chaki, acha kishikizo chake, sehemu inayoingia nyuma ya chaki, kiwe kidogo kwa milimita 0.2. Kaza bolti nusu, bana fito iliyonyooka, kisha gongagonga chaki kwa nyundo ya shaba huku ukitazama saa, hadi sindano itulie. Ndipo ukaze zote.