Ua Lililofichua Matanuru ya Wazee

Katika ukanda wa shaba wa Katanga huota mmea mfupi wa maua ya zambarau, wa jamii moja na mrehani. Wanasayansi huuita Haumaniastrum katangense; wengine husema ua la shaba. Shaba ikizidi udongoni huharibu mizizi ya mimea mingi. Mmea huu hustahimili, ndiyo maana watafuta madini huufuata: palipo na ua, huenda pana malakiti, lile jiwe la kijani.

Lakini uliota pia mahali pasipo na machimbo. Guy de Plaen, François Malaisse na Robert Brooks walieleza sababu mwaka 1982: maua hayo yalikuwa juu ya mabaki ya matanuru ya kuyeyushia shaba, ya tangu karne ya 14.

Wahunzi waliibeba malakiti hadi penye maji, miti ya mkaa na udongo wa kichuguu wa kujengea tanuru. Mivuo ilipopuliza, gesi ya mkaa ililinyang'anya jiwe oksijeni yake, ikabaki shaba, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 1,085 za Selsiasi. Waliisubu kwa umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilifika mbali: huko Sanga, kando ya Ziwa Kisale kwenye bonde la Lualaba, wanaakiolojia walioanza kuchimba mwaka 1957 waliikuta makaburini. Ya zamani ni mikubwa na michache. Ya baadaye ni midogo na mingi, dalili kwamba shaba ilikuwa imegeuka pesa.

Kazi hiyo ilimwaga chembe za malakiti na takataka za tanuru ardhini. Shaba haiozi. Hushikamana na mboji na udongo wa mfinyanzi, na mvua huiondoa kidogo mno. Karne nyingi baadaye bado ilitosha kuizuia mimea mingine.

Hapo ndipo ugunduzi huu unapotugusa sisi. Ikiwa mivuo ya mkono iliacha alama ya karne nyingi, vipi viwanda vilivyofuata baada ya kampuni ya madini ya Union Minière kuundwa mwaka 1906? Vipi magunia ya mawe ya madini yanayomwagwa uani leo? Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na cha Leuven, akiwemo Célestin Banza Lubaba Nkulu, walitoa matokeo ya Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao. Wakazi walikuwa na kobalti nyingi mwilini kuliko majirani wasio na machimbo, na watoto ndio walioathirika zaidi, kwa kuwa hucheza vumbini.

Kwa hiyo, mama anayelima mboga ya kulia bukari autazame udongo kwanza. Ua hilo likitawala mahali ambapo mengine yamekufa, asipande hapo lengalenga wala sombe. Majani yaoshwe vizuri, na mawe ya madini yakae mbali na watoto. Huko Penga Penga, Lubumbashi, majaribio yameonyesha kwamba chokaa na mboji hupunguza shaba inayoingia kwenye nyasi. Hiyo ni njia ya kuiponya ardhi, ingawa haiifanyi kuwa shamba la chakula. Na kabla kiwanja hakijagawiwa kwa familia, udongo wake upimwe maabara na majibu yasomwe hadharani. Wanaokaa juu ya madini ndio wa kwanza wenye haki ya kujua kilichomo ardhini mwao.