Mmea wa Kutambaa Ukutani: Upi Ufaao Garissa?

Katika nchi za Ulaya kuna mmea mmoja maarufu uitwao aivi. Mmea huo hutambaa juu ya kuta za nyumba, makanisa na vyuo, ukijishika kwa vijizizi vidogo vitokavyo katika shina lake, hata ukuta wote hufunikwa na majani ya kijani mwaka mzima. Humu Kenya aivi huonekana katika sehemu za baridi, kama vile Limuru na Nairobi, na watu wa Garissa, Wajir na Mandera wauonapo huko hutamani kuchukua vipande vyake wakavipande makwao.

Ni afadhali wajue mapema ya kuwa taabu hiyo ni ya bure. Aivi umezoea misitu yenye kivuli na unyevu. Mji wa Garissa uko mita 150 tu hivi juu ya bahari, joto la mchana hupita nyuzi 35 za Selsiasi katika miezi mingi, na mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 300 na kitu, nayo huja kwa vipindi viwili, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba. Katika hali hiyo majani ya aivi huungua kando-kando, kisha utitiri mwekundu huja kumaliza yaliyosalia. Hata mahali unapostawi, mmea huo una lawama zake. Hupenyeza mizizi katika nyufa za ukuta mbovu, na utomvu wake huwasha ngozi za watu wengine. Katika jimbo la Oregon, Marekani, kuuza aina za aivi hiyo kulipigwa marufuku mwaka 2010, kwa sababu ulikuwa umetoka bustanini na kuingia misituni, ukapanda juu ya miti na kufunika ardhi.

Watu wa kandokando ya mto Tana hawana haja ya kufundishwa habari za mmea mgeni utorokao. Mti wa mathenge uliletwa pande za Bura na Hola mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa na kuwapa watu kuni. Leo umeziba njia na malisho, na miiba yake inajulikana na kila mchungaji.

Basi, mtu atakaye kupamba nyumba yake na kuipatia kivuli, atazame kwanza vichaka vya nchi yake mwenyewe. Huko porini kuna mmea wa jamaa ya mzabibu, wenye majani manene ya mviringo yang'aayo kama yaliyopakwa nta, nao hupanda juu ya miti kwa vikono vyake vidogo. Wataalamu huuita Cissus rotundifolia. Ni mmea wa Afrika ya Mashariki na wa Bara Arabu pia. Aliyeuandika kwanza katika vitabu vya elimu ya mimea ni Forsskål, mtaalamu aliyefika Yemeni mwishoni mwa mwaka 1762 na kufa huko kwa homa mwaka uliofuata. Maandishi yake yalipigwa chapa mwaka 1775. Katika Yemeni majani yake hupikwa yakaliwa. Huko Ulaya na Marekani watu hununua mmea huu kwa fedha na kuuweka katika vyungu ndani ya nyumba, wakiuita aivi ingawa si jamaa ya aivi hata kidogo. Ni ajabu kidogo kwamba mwenye kuukata bure kichakani autamani ule wa Limuru.

Siri ya uvumilivu wake iko katika majani. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani yake mchana ili kuvuta hewa, na papo hapo hupoteza maji mengi kwa jua. Mmea huu, kiangazi kinapozidi, huweza kufungua vitundu hivyo usiku, wakati hewa imepoa, na mchana ukavifunga. Unene wa jani nao ni ghala ya maji.

Kuupanda si kazi kubwa. Kata kipande cha shina lililokomaa, urefu wa shibiri moja, chenye vifundo viwili au vitatu. Usikipande siku hiyo hiyo. Kiache kivulini siku tatu au nne mpaka kidonda cha mkato kikauke, kwani kikitiwa udongoni kibichi huoza upesi. Kisha kipande katika kopo lililotobolewa chini, lenye mchanga uliochanganywa na samadi ya mbuzi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza mizizi. Mwagia maji kidogo tu, kila udongo unapokauka. Machipukizi yakitokea na kushika nguvu, mche huweza kuhamishwa ardhini, na wakati mwema ni mvua zinapoanza.

Mahali pa kuupanda pataka kufikiriwa. Garissa iko karibu kabisa na mstari wa Ikweta, kwa hiyo jua la saa sita huwa juu ya paa, lakini lile la alasiri hupiga ukuta wa magharibi kwa saa nyingi, na ukuta huo ndio upashao chumba joto mpaka usiku. Huo ndio ukuta wa kufunikwa kwanza. Lakini usiuache mmea ulale juu ya bati. Bati lililopigwa na jua huchoma vikono na majani machanga. Simamisha fito au waya umbali wa shibiri moja au mbili kutoka ukutani, ili hewa ipite katikati. Hewa hiyo ipitayo kivulini ndiyo faida yenyewe, na pia mwenye nyumba aweza kuona kama nyoka au mchwa wamefanya makao nyuma ya majani.

Maji ndiyo shida ya wengi, maana si haki kumwagia ua maji yaliyotafutwa kwa punda kutoka mbali. Maji yaliyosuuzia vyombo au nguo, yasiyo na sabuni nyingi, yatosha. Njia nyingine njema ni kufukia mtungi wa udongo usiopakwa rangi karibu na shina, mdomo ukiwa juu na umefunikwa vizuri ili mbu wasitage ndani. Maji hupenya polepole na kufika mizizini pasipo kukaushwa na jua. Wenye kutumia maji ya visima, kama vile Wajir, waangalie ukoko mweupe juu ya udongo. Hiyo ni chumvi. Ukoko huo ukwanguliwe na kutupwa, na mvua ikinyesha ardhi iachwe ioshwe sawasawa.

Mbuzi ni adui mkubwa kuliko jua. Mche uzungushiwe boma la miiba kwa mwaka wa kwanza au wa pili, hata shina liwe gumu na majani yapande juu ya midomo yao. Miiba ya mathenge yafaa kwa kazi hiyo, ila matunda yake yaondolewe kwanza: mbuzi huyala, na mbegu hutoka katika kinyesi zikiwa tayari kuota.

Vidung'ata, wale wadudu wadogo walio kama pamba nyeupe, wakionekana penye maungio ya majani, wafutwe kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Majani yakigeuka manjano na shina likawa laini karibu na ardhi, ni dalili ya maji kupita kiasi, si ya kiu. Mmea huu huuawa na ndoo mara nyingi kuliko na kiangazi. Matunda yake madogo mekundu watoto wakatazwe kuyala, kwani huwasha kinywa. Matawi yaliyozidi hukatwa mvua zinapokaribia, na vipande hivyo ndivyo miche ya jirani.