Mashindano ya Kulenga Shabaha: Mpaka Kati ya Furaha na Uadui

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), Mola wa walimwengu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba wake. Ama baada ya hayo:

Tumepokea swali kutoka kwa vijana wenye biashara Kariakoo, Dar es Salaam. Wanasema kila Jumapili hutoka pamoja nje ya mji kulenga shabaha kwa bunduki za upepo. Walianza kwa kucheka na kutaniana. Baadaye wakaanza kuchanga shilingi 10,000 kila mmoja, na anayeshinda anazoa zote. Sasa wawili miongoni mwao, waliokuwa wakiachiana mzigo kwa kuaminiana bila hata maandishi, hawasalimiani. Wanauliza: ubaya uko kwenye mchezo, au kuna mahali wamekosea?

Hukumu ya mchezo wenyewe

Katika Surat al-Anfal, aya ya 60, Allah ameamrisha Waislamu waandae nguvu kadiri wawezavyo. Imam Muslim amepokea kwa Uqba bin Amir (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) aliifasiri nguvu hiyo, akiwa juu ya mimbari, kuwa ni kurusha mishale, na akalikariri jambo hilo mara tatu. Wanazuoni wa zama zetu wameziingiza humo silaha za kulengea za leo. Imam Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyoenea pwani yetu, alikuwa mlengaji hodari. Imepokewa kwamba alifikia kupiga kumi kwa kumi. Basi mchezo wenyewe una asili katika Sunna, na kushindana ndani yake pia kuna asili.

Kisa cha watu wa Aslam

Imam Bukhari amepokea kwa Salama bin al-Akwa (r.a.) kuwa Mtume (s.a.w.) aliwapitia watu wa kabila la Aslam wakishindana kurusha mishale. Akawahimiza, akawakumbusha kuwa baba yao Ismail (a.s.) alikuwa mrushaji, na akasema yeye yuko upande wa kundi mojawapo. Kundi la pili likazuia mikono. Alipouliza mbona hawarushi, wakajibu: watarushaje ilhali yeye yuko na wenzao? Hapo akawaambia warushe, kwani yuko pamoja nao wote.

Tuzingatie hapa. Hakuwaambia waache kushindana. Aliondoa kile kilichowafanya wenzao waone hawana tena nafasi. Mafakihi wetu nao, katika mlango wa mashindano, wameshurutisha kwamba umbali wa shabaha na idadi ya mapigo vijulikane mapema, na iwezekane kila mmoja kushinda. Anayejua sana akikutanishwa na aliyeshika bunduki jana, hilo si shindano; ni kumdhalilisha mwenzio tu.

Fedha za mshindi

Abu Daud, Tirmidhi na Nasai wamepokea kwa Abu Huraira (r.a.) hadithi inayohusisha zawadi ya mashindano na mambo matatu: ngamia, farasi na mishale. Kwa hiyo zawadi katika kulenga inajuzu. Swali ni: inatoka wapi?

Ikitolewa na mtu asiyeshindana, kama mzee wa mtaa au mwenye duka, haina tatizo. Mshindani mmoja peke yake akiiweka, nayo inajuzu. Ama kila mmoja kuweka dau na mshindi kuzoa, jamhuri ya wanazuoni wameiona ni kamari, isipokuwa aingie mshindani mwingine asiyeweka kitu na mwenye nafasi ya kweli ya kushinda. Ibn al-Qayyim, katika kitabu chake Al-Furusiyya, hakulishurutisha hilo. Tunaheshimu rai yake, lakini tunawashauri vijana wetu washike kauli ya jamhuri, kwani ndugu wawili wamekwishagombana. Wanaotazama wakabeti nani atashinda, hao wamo katika kamari bila shaka.

Mchango wa kulipia uwanja, karatasi za shabaha na risasi ni jambo jingine. Hizo ni gharama, na hakuna anayezishinda.

Alama mbili za kuvuka mpaka

Katika Surat al-Maida, aya ya 91, Allah ametaja anayoyataka shetani kupitia ulevi na kamari: kutia uadui na chuki baina ya watu, na kuwazuia kumkumbuka Allah na kuswali. Tunaweza kujipima kwa hayo hata pasipo fedha. Je, mmerudi mkiwa mnazungumza kama mlivyotoka? Adhuhuri na Alasiri mmeziswali kwa wakati? Jibu likiwa hapana, ushindani umekwishaimeza furaha.

Kushindwa nako kuna adabu yake. Ngamia wa Mtume (s.a.w.) aitwaye al-Adhbaa alikuwa hapitwi, hata alipokuja bedui na ngamia wake akampita. Masahaba wakaona uzito. Mtume (s.a.w.) akawafundisha kuwa hakuna cha dunia kinachopanda ila Allah hukishusha. Na katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024, Yusuf Dikeç wa Uturuki, mwenye miaka 51, alilenga bastola ya upepo mkono mmoja ukiwa mfukoni, kwa utulivu mkubwa. Timu yake ilishindwa na Serbia 16 kwa 14 katika fainali, lakini picha iliyoenea duniani ni yake.

Usalama

Bukhari na Muslim wamepokea kuwa apitaye msikitini au sokoni na mishale ashike ncha zake, asije akamdhuru Muislamu. Fikirini msongamano wa Mtaa wa Kongo, kisha muone kama bunduki, hata ya upepo, inafaa kupitishwa hapo kwa maonyesho. Msimwelekezee mtu, hata kwa mzaha, hilo limekatazwa. Msilenge kiumbe hai kwa mchezo, Ibn Umar (r.a.) aliwakuta vijana wamemfunga ndege wakimlenga, akawakemea na kuwaeleza kuwa Mtume (s.a.w.) amemlaani afanyaye hivyo. Pia nchi yetu ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kabla ya kununua chochote, ulizeni kituo cha polisi.

Jibu kwa ufupi

Vijana wetu, mchezo wenu ni mwema. Kosa liko kwenye dau. Acheni kuchangia zawadi, pangeni washindani kwa viwango, na Jumapili moja moja lengeni bila kuhesabu. Lakini kabla ya yote, wapatanisheni hao wawili. Si halali kwa Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, na mbora wao ni atakayeanza kwa salamu.

Wallahu a'lam.