Kabla King'ora Hakijalia

Asubuhi ya Jumamosi, Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa lililosheheni maduka liliporomoka Kariakoo, Dar es Salaam. Wachuuzi, wabeba mizigo na wapita njia ndio walioanza kufukua kifusi, kwa nyundo na mikono mitupu. Zimamoto, polisi, wanajeshi na Msalaba Mwekundu wakaongeza nguvu. Walionasa chini walipitishiwa maji, glukosi na oksijeni kwenye matundu. Zaidi ya watu 80 waliokolewa. Wengine zaidi ya 20 walipoteza maisha.

Kwenye tukio la aina hiyo kila kikosi huja na mkubwa wake. Mwenye greda anataka kusogeza zege. Mwokoaji anataka kimya ili asikie sauti za waliofukiwa. Polisi wanafunga barabara, dereva wa gari la wagonjwa anaihitaji iwe wazi. Nani mwenye neno la mwisho? Swali hilo likianza kujadiliwa juu ya kifusi, muda wa kuokoa watu unakwisha.

Sheria ya Menejimenti ya Maafa, Namba 6 ya mwaka 2022, inalenga kulijibu mapema. Kitaifa, uratibu uko chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, yenye idara yake ya maafa. Chini yake zinafuata kamati za mkoa, wilaya na kata, mpaka kijiji au mtaa.

Dar es Salaam inazihitaji ngazi zote hizo. Sensa ya 2022 ilihesabu wakazi zaidi ya milioni 5.3, katika wilaya tano. Mto Msimbazi nao haujali mipaka ya wilaya: unaanzia milima ya Pugu, unakatiza jiji na kupitia Jangwani hadi Bahari ya Hindi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Wilaya moja ikijiandaa peke yake, maji ya jirani yataikuta tu.

Maandalizi yanaanza na ramani. Kuanzia mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatuma wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Ardhi kwenye maeneo kama Tandale. Wakishirikiana na wakazi, walirekodi nyumba, mitaro na vichochoro. Kwenye makazi yasiyopimwa, taarifa hizo zinaonyesha gari la zimamoto lipite wapi na maji yataingia nyumba zipi kwanza.

Halafu kuna tahadhari. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatangaza mvua kubwa, lakini mama mwenye watoto watatu bondeni hatahama kwa tangazo la redio pekee. Anataka kujua aende wapi, na vyombo vyake atalindiwa na nani. Majibu hayo anapaswa kuyapata kwa mwenyekiti wa mtaa, kabla ya masika.

Mkazi naye ana sehemu yake. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114, na ya polisi ni 112. Unapopiga, taja mtaa, alama inayofahamika, idadi ya walio hatarini na njia inayopitisha gari kubwa. Kisha mtume mtu barabarani akawapokee waokoaji.